Saratani ya tezi dume: kisu, mionzi au kufuatiliwa?

Mwanamume akiambiwa ana saratani ya tezi dume, jibu la kwanza huwa: "Daktari, itoe." Kaka zake wanaanza kuchanga pesa, watoto wanauliza tarehe ya upasuaji. Haraka hiyo inaeleweka, kwa kuwa saratani tumeizoea kama ugonjwa usiongoja. Lakini ya tezi dume, ikiwa bado imo ndani ya tezi na si ya aina kali, hukua polepole kiasi cha kumwachia mgonjwa wiki kadhaa za kuuliza na kufikiri. Azitumie, kwa sababu anachochagua ataishi nacho miaka mingi.

Ushahidi mzito zaidi tulio nao umetoka Uingereza. Kati ya 1999 na 2009, watafiti Freddie Hamdy, Jenny Donovan, David Neal na wenzao waliwapima damu, kipimo cha PSA, wanaume 82,429 wenye umri wa miaka 50 hadi 69. Kati ya waliokutwa na saratani isiyosambaa, 1,643 walikubali kupangiwa tiba kwa kura: upasuaji wa kuondoa tezi, mionzi, au kufuatiliwa kwa PSA ya mara kwa mara na kutibiwa pale tu ugonjwa unapoonyesha kukua. Utafiti huo unaitwa ProtecT.

Matokeo ya miaka 15 yalitoka 2023. Waliouawa na saratani hiyo walikuwa 45 tu kati ya wote: 17 waliokuwa wakifuatiliwa, 12 wa upasuaji na 16 wa mionzi. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema tiba moja iliokoa maisha kuliko nyingine. Hata hivyo kuna jambo lisilopaswa kufichwa: saratani ilisambaa mwilini kwa asilimia 9.4 ya waliofuatiliwa, na kwa takriban asilimia 5 katika kila kundi la tiba. Tena, zaidi ya nusu ya waliofuatiliwa waliishia kutibiwa. Kufuatiliwa, basi, ni kuahirisha tiba, na kwa baadhi tu ni kuiepuka kabisa.

Yanayotofautiana sana ni madhara, na hapa ndipo wanaume wengi hunyamaza mbele ya daktari. Miezi sita baada ya kuanza, asilimia 46 ya waliopangiwa upasuaji walivaa pedi kwa sababu mkojo uliwatoka. Katika makundi mengine walikuwa asilimia 4 au 5. Wengi walipata nafuu, lakini kati ya mwaka wa 7 na wa 12 waliovaa pedi katika kundi la upasuaji bado walikuwa asilimia 18 hadi 24. Nguvu za kiume nazo: kabla ya tiba, asilimia 67 waliweza kufanya tendo la ndoa. Miezi sita baadaye walibaki asilimia 12 kwa upasuaji, 22 kwa mionzi na 52 kwa waliofuatiliwa. Miaka ilivyokwenda, umri ulilishusha kundi hili la mwisho pia. Mionzi huacha madhara yake kwenye haja kubwa: kufikia mwaka wa 12, asilimia 12 walivujwa na choo, mara mbili ya wengine. Mambo haya mke ana haki ya kuyasikia pamoja na mumewe, chumba kimoja, siku moja.

Takwimu hizi zisibebwe kama zilivyo hadi Dar es Salaam au Mombasa. Karibu washiriki wote walikuwa Wazungu, ilhali wanaume weusi hupata saratani hii zaidi na mapema zaidi. Takriban robo tatu ya washiriki walikuwa na alama ya Gleason ya 6, yaani aina isiyo kali. Mwenye 8 au 9 asijitulize kwa matokeo haya. Kwetu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaingia kwenye mifupa, na hapo suala huwa kuzima homoni ya kiume kwa sindano au kwa kuondoa korodani, njia aliyoionyesha daktari Charles Huggins mwaka 1941. Na asiye na uhakika wa kupata PSA kila baada ya miezi michache, na kipande kidogo cha tezi kuchukuliwa tena kupimwa ikihitajika, asiambiwe anafuatiliwa. Huyo ametelekezwa.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya kutia saini fomu yoyote, mwombe daktari akuandikie PSA yako, alama yako ya Gleason, na kama ugonjwa umetoka nje ya tezi. Muulize ameshafanya upasuaji huo mara ngapi. Kisha, ukiweza, msikilize na daktari wa mionzi, kwa kuwa baada ya upasuaji mionzi bado inawezekana, lakini kuondoa tezi iliyokwisha kupigwa mionzi ni kazi ngumu na yenye madhara makubwa zaidi.