Kigoda cha Mtemi na Zizi la Amana

Nathan Rothschild wa London alikuwa mwenye benki kwanza, ulodi ukamfuata. Mwaka 1885 alitunukiwa cheo cha kurithishwa, na kiti chake katika Baraza la Malodi kikaja kukaliwa na mwanawe. Pesa zilizaa cheo. Ugogoni, nchi ya Wagogo huko Dodoma, mambo yalikwenda kinyume: mtu alirithi kigoda kwanza, mali ikamfuata.

Mtemi wa Kigogo hakutawala nchi kubwa. Watemi walikuwa wengi, kila mmoja na eneo lake, na kigoda pamoja na mawe ya mvua vilikaa katika ukoo mmoja. Ardhi hakuiuza wala kuikodisha. Alichokuwa nacho ni sauti ya nchi: kusimamia matambiko ya mvua, kuruhusu kilimo kianze, kumpokea mgeni au kumzuia.

Na wageni walikuwapo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilivuka nyika ya Marenga Mkali, ambako hakukuwa na maji, ikaingia Ugogo watu wamekauka koo. Visima vilikuwa na wenyewe. Hapo ndipo hongo ilipotolewa: merikani, kaniki, shanga na waya. (Siku hizi neno hilo linakupeleka TAKUKURU, enzi hizo lilikuwa ushuru wa halali, unaojadiliwa hadharani, tena kwa siku kadhaa.) Msafiri Mwingereza Burton alimlipa Magomba, mtemi wa Kanyenye, mwaka 1857. Msafiri mwenzake Stanley alipopita mwaka 1871 alimkuta Magomba yuleyule, amezeeka, na akalipa vilevile. Wote wawili walilalamika sana katika vitabu vyao, lakini maji waliyanywa.

Nguo huliwa na mchwa. Kwa hiyo mali ya hongo, baada ya wazee kupata fungu lao, iligeuzwa mifugo. Na hapa ndipo mtu wa benki anapaswa kusogeza kiti karibu. Mgogo mwenye ng'ombe wengi, awe mtemi au mtu wa kawaida, hakuwalaza wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu, wakwe na marafiki wa vijiji vya mbali. Mlezi alikamua maziwa na kutumia samadi shambani. Ndama walibaki wa mwenye mali, na mara nyingine mlezi alizawadiwa mmoja. Mvua ya Dodoma hunyesha kwa upendeleo: kijiji hiki kinavuna, cha jirani kinakauka. Ng'ombe waliotawanywa hawafi wote kwa ukame mmoja wala kwa ugonjwa mmoja. Mwenye mali alipata usalama, maskini akapata maziwa, na wote wawili wakawa na sababu ya kusalimiana.

Mfumo huo una udhaifu wake, nao ulifichuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi katika kila kijiji yalikopita. Mvua nayo ikakatika. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya; kwa makadirio ya wakoloni iliua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000. Kutawanya amana hukinga hasara ya mahali pamoja. Hasara inayopiga kila zizi kwa mpigo mmoja haikingiki hivyo, na mabenki ya leo yamelijifunza hilo kwa gharama kubwa.

Hongo ilikuwa imeshakufa: Wajerumani waliipiga marufuku, kisha reli ikamaliza misafara. Gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, Donald Cameron, kwa sheria ya mwaka 1926, akawaweka watemi chini ya hazina za wenyeji, wakapokea mshahara badala ya kodi za jadi. Binafsi naona hapo ndipo utemi ulipoisha. Aliyebaki ni mtumishi mwenye daftari. Mazengo wa Mvumi, aliyesifika kuliko watemi wote wa kipindi hicho, alifanya kazi katika mpango huo. Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu mwaka 1963. Uingereza nayo iliwaondoa malodi wengi wa kurithi mwaka 1999, ikawaachia viti 92.

Sheria ya 1963 haikugusa ng'ombe. Ukifika Bahi au Chamwino ukakuta zizi limejaa, usimhesabie utajiri mwenye tembe. Uliza kwanza ni ng'ombe wa nani.