Kabla Hujaliuza Dishi Lako la Zamani

Pita mtaa wowote Dar es Salaam ukiangalia mapaa. Utaona madishi yameshika kutu, waya unaning'inia, hakuna anayeyajali. Kifurushi kiliisha, familia ikahamia kwenye king'amuzi cha antena, dishi likabaki juu likisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Lakini dishi hilo halijafa. Leo nataka nikuonyeshe jinsi ya kulitumia kusikiliza watu wakiongea moja kwa moja kutoka Ulaya, Uarabuni na Afrika Kusini, bila kulipia kifurushi chochote.

Anayefanya kazi kubwa hapa si dishi lenyewe, bali ni kile kichwa kidogo kilicho mbele yake, LNB. Dishi ni kama kinga ya maji ya mvua: linakusanya tu. LNB ndiyo inayokuza mawimbi yaliyosafiri kilomita 36,000 na kufika yakiwa hoi. Halafu inafanya jambo la pili: inayashusha masafa. Kwa nini? Kwa sababu wimbi la gigahezi 10 likipitishwa kwenye waya wa kawaida, linanyonywa na kuisha njiani kabla halijafika sebuleni.

Kushusha ni kutoa tu. Ndani ya LNB mna kitetemeshi kinachotoa megahezi 9,750. Kinachoingia kikiwa megahezi 10,489.75, kinachotoka ni 10,489.75 − 9,750 = 739.75. Sasa, megahezi 739.75 inapokelewa na vile vipokezi vidogo vya USB vinavyochomekwa kwenye kompyuta. Kwa maneno mengine, nusu ngumu ya redio ya mikrowevu tayari iko juu ya paa lako.

Tusikilize nini? Novemba 2018 Qatar ilirusha setilaiti yake ya Es'hail-2 kwa roketi ya Falcon 9. Ni setilaiti ya televisheni, ila ndani yake kuna transponda mbili za redio ya ridhaa, yaani redio ya watu wanaowasiliana kwa kujifunza na kwa kupenda tu, si kwa biashara. Kwa wanaridhaa inaitwa QO-100, na ndiyo ya kwanza ya aina hiyo kukaa mahali pamoja angani ikitazamwa kutoka duniani. Ipo nyuzi 25.9 mashariki, juu ya ikweta. Kwa sisi wa Afrika Mashariki hiyo ni bahati: Ulaya wanaitafuta chini zaidi angani, sisi iko karibu utosini. Ukiwa Dar utaielekea upande wa magharibi-kaskazini magharibi, nyuzi kama 72 kutoka usawa wa ardhi. Nairobi kama 77. Usishangae uso wa dishi ukionekana umelala kidogo kuliko hapo. Madishi haya ya umbo la yai huangalia juu zaidi ya unavyodhani.

Kabla hujachomeka chochote, soma aya hii mara mbili. LNB haina betri. Inapata umeme kupitia waya uleule unaoleta mawimbi. Volti 13 zinaiambia ipokee mawimbi ya wima, volti 18 ya mlalo. Mimi mwaka wangu wa kwanza wa masters nilijiona mjanja, nikagawa waya mmoja: upande huu king'amuzi kitoe umeme, upande ule kipokezi changu kisikilize. Sikuangalia kama kile kigawanyo kinazuia umeme. Hakikuzuia. Volti zikaingia kwenye kipokezi, nikasikia harufu ya kuungua, na posho niliyokuwa nimeidunduliza ikaishia hapo. Unachohitaji ni kifaa kidogo chenye matundu matatu: umeme unaingia, unapelekwa kwa LNB tu, na mawimbi peke yake ndiyo yanapita kwenda kwenye kipokezi. Kipime kwa mita kwanza. Sauti za QO-100 ziko upande wa wima, hivyo tumia volti 13.

Sasa fungua programu, nenda 739.75, weka hali ya USB (hapa si USB ya flashi, ni aina ya urushaji sauti). Huenda usikute kitu pale ulipotarajia. Usikate tamaa, hapa ndipo fizikia inapoanza kuwa tamu.

LNB nyingi za kisasa hupata zile megahezi 9,750 kwa kuzidisha kioo cha megahezi 25 mara 390. Maana yake kosa nalo linazidishwa. Kioo kikikosea hezi 1, redio yako inakosea hezi 390. Sauti ya mtu hapa inatumia upana wa kilohezi 2.7 tu, kwa hiyo kioo kikiteleza hezi 7, umeshampita! Kwa televisheni hili si neno, chaneli zake ni pana mno. Kwako ni kila kitu. Jua la saa nane mchana likipiga LNB, utaona masafa yakitembea. Wingu likipita, yanarudi.

Dawa ipo angani kwenyewe. Setilaiti hurusha alama ya kudumu kwenye megahezi 10,489.75. Ukiiona kwenye skrini iko kilohezi 30 pembeni, basi vituo vyote viko kilohezi 30 pembeni. Sahihisha mara moja, endelea. Wenye uwezo huondoa kioo na kuingiza saa inayofuata GPS.

Kusikiliza ndiyo hatua yako ya kwanza. Kujibu ni habari nyingine: unarusha kwa megahezi 2,400, na unahitaji leseni na jina la kituo. Tanzania utaenda TCRA, Kenya utaenda Mamlaka ya Mawasiliano.

Wengi wetu tumefundishwa mikrowevu ubaoni, tukafanya mtihani, tukamaliza bila kugusa kifaa hata kimoja kwa sababu maabara haina. Wakati huohuo kifaa kipo juu ya paa la nyumbani. Mnunuzi wa vyuma chakavu akija kesho, mwambie asubiri. Panda kwanza, futa vumbi, usome lebo ya LNB. Ikiwa imeandikwa 9.75, shuka nayo.