Sura ya 4: Ujira wa Saa Tatu

Noti sita za gitaa zinapanda moja baada ya nyingine, juu ya besi inayogonga taratibu kama mgeni anayebisha hodi. Mwimbaji hajafungua kinywa, lakini msikilizaji ameshautambua wimbo: ni "My Girl" wa The Temptations, uliotoka Detroit mwishoni mwa 1964. Watunzi wanaotajwa ni wawili, Smokey Robinson na Ronald White. Aliyepiga zile noti sita naye aliitwa White, Robert White, ila jina lake halimo. Katika filamu ya mwaka 2002 iliyowahusu wanamuziki wa kampuni ya Motown, inasimuliwa kwamba miaka mingi baadaye Robert alikuwa ameketi mgahawani Los Angeles, wimbo huo ukaanza kupigwa. Alitaka kumwambia mhudumu kwamba gitaa hilo ni lake. Akameza maneno, asije akaonekana mzee anayejipayukia. Akaagiza chakula.

White alikuwa mwanamuziki wa studio. Ili kuielewa kazi hiyo, inafaa kujua kwanza kwamba muziki wa Marekani uliandikiwa malipo kwenye madaftari mawili. Daftari la kwanza lilihesabu saa: nani ameingia studio, amepiga ala gani, ametoka saa ngapi. La pili lilihesabu nyimbo: nani ametunga, nani anamiliki, nakala ngapi zimeuzwa, redio imepiga mara ngapi. Mtu aliweza kuwapita wenzake wote kwa ufundi na bado akazikwa akiwa kwenye daftari la kwanza peke yake.

Tuanze na la saa. Kipimo cha kazi kilikuwa kipindi cha saa tatu, kwa mkataba wa chama cha wanamuziki, American Federation of Musicians. Muziki uliokamilika na kutolewa kwenye santuri kutoka kipindi kimoja haukutakiwa kuzidi dakika 15. Kiongozi wa kundi kwa siku hiyo alilipwa mara mbili ya wengine, na aliyeombwa kubadili ala katikati ya kazi, tuseme aache saksofoni ashike filimbi, aliongezewa. Watu waliitwa kwa simu. Kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupanga wapigaji, na simu yake ikinyamaza wiki mbili, mpigaji alianza kuhesabu akiba.

Saa tatu ni chache. Mpigaji aliingia asubuhi bila kujua atapiga nini, akakuta wimbo ambao hajawahi kuusikia, na kufikia mchana nyimbo tatu au nne zilitakiwa ziwe zimerekodiwa. Kwa hiyo aliyepata kazi ni yule asiyekosea, asiyechelewa na asiyebishana. Mjini Nashville walijirahisishia kwa mtindo wa namba, ulioanzishwa na Neal Matthews wa kundi la The Jordanaires mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwanakwaya yeyote aliyefundishwa nota za do-re-mi ataushika mara moja. Wimbo ukiwa kwenye G, namba 1 ni G, namba 4 ni C, namba 5 ni D. Mwimbaji akija na mafua, sauti ya juu ikamkatalia, akaomba wimbo ushushwe hadi E, hakuna anayeandika upya chochote. Karatasi ni ileile: 1 sasa ni E, 4 ni A, 5 ni B. Do imehama, namba zimebaki. Studio inayolipiwa kwa saa haikupoteza hata dakika tano.

Los Angeles ndiko kazi hii ilikofika kileleni. Kundi la wapigaji wachache, ambalo baadaye lilikuja kuitwa The Wrecking Crew, lilipiga kwenye santuri nyingi kiasi kwamba msikilizaji wa redio ya miaka ya 1960 alikuwa akisikiliza bendi ileile kutwa nzima bila kujua. Mpiga dramu wao, Hal Blaine, alipiga kwenye nyimbo sita zilizotwaa tuzo ya Grammy ya Rekodi ya Mwaka mfululizo, kuanzia 1966 hadi 1971, na jina kwenye kasha halikuwa lake hata mwaka mmoja. Ule mdundo unaofungua "Be My Baby" ya The Ronettes, wa mwaka 1963, ni wake. Yeye mwenyewe alisema ulitokana na kijiti kilichomponyoka: pigo la pili likakosekana, likabaki la nne, na kwa kuwa fundi mzuri hurudia kosa lake ili lionekane ni makusudi, akaendelea hivyohivyo. Tangu hapo wapiga dramu wameunakili mdundo huo mara zisizo na hesabu.

Mwenzake Blaine, Carol Kaye, alikuwa mpiga gitaa wa jazi. Siku moja mwaka 1963 mpiga besi hakutokea studio, Carol akaishika yeye, na hakuirudisha. Hata bendi zilipigiwa ala na watu wa studio. The Byrds walipotoa "Mr. Tambourine Man" mwaka 1965, Roger McGuinn peke yake ndiye aliyepiga ala kati ya wanabendi, waliobaki ni watu wa kukodiwa. The Monkees walilazimika kupigana na wakubwa wao ili waruhusiwe kupiga ala zao wenyewe kwenye albamu ya 1967. Mashabiki walipogundua walikasirika, na hasira ile mimi naiona imekosa shabaha. Hakuna aliyedai mwigizaji ajishonee mavazi.

Wapo wanaosimulia habari hizi kama kisa cha dhuluma mwanzo hadi mwisho. Siafiki. Mpigaji mwenye vipindi vitatu kwa siku alipata fedha nzuri, alilala nyumbani kwake, na hakula vumbi la barabarani kama mwenzake wa bendi ya kusafiri. Chama kilimlinda kwa bei ya chini isiyovunjwa. Utata ulikuwa kwingine. Ndani ya zile saa tatu watu hawa walikuwa wakibuni. Karatasi mara nyingi ilileta mifupa tu. Nyama waliijaza wao. Na ubunifu huo, hata ukiwa ndio unaoutambulisha wimbo, uliandikwa daftarini kama saa.

Sasa tufungue daftari la pili. Kuanzia 1909 hadi mwisho wa 1977 sheria ya Marekani iliweka kiwango cha senti 2 kwa kila wimbo kwenye kila nakala ya santuri iliyouzwa. Zinachekesha, mpaka uzihesabu. Nakala milioni moja ni dola 20,000. Kwa mgawanyo wa kawaida mchapishaji huchukua nusu. Watunzi wawili wakigawana inayobaki, kila mmoja anaondoka na dola 5,000. Mpigaji wa kawaida wa miaka ya 1960 hakufikisha dola 100 kwa saa zake tatu, santuri iuze milioni au ioze ghalani. Mtunzi alikula pia kila mwimbaji mwingine aliporudia wimbo, na alikula redio. Marekani ina ajabu yake hapa: redio ya kawaida ya mawimbi humlipa mtunzi na mchapishaji, lakini haimlipi mwimbaji wala mpigaji hata senti. Redio za setilaiti na intaneti ndizo zilizokuja kubanwa na sheria ya mwaka 1995, na katika fedha hizo mwenye rekodi huchukua asilimia 50, msanii mwenye jina 45, na wapigaji pamoja na waitikiaji wote hugawana asilimia 5.

Hakuna aliyeyapitia madaftari yote mawili vizuri kama Carole King. Alizaliwa New York mwaka 1942 akiwa Carol Klein, na kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa akitunga nyimbo za kuuza pamoja na mumewe, Gerry Goffin: yeye muziki, Goffin maneno. Kampuni iliyowaajiri, Aldon Music, ilikuwa kwenye jengo namba 1650 la mtaa wa Broadway, na watunzi walikaa kwenye vijumba vidogo vyenye piano, ukuta kwa ukuta, kila mmoja akimsikia jirani. "Will You Love Me Tomorrow" yao iliyoimbwa na The Shirelles ilifika namba moja mapema 1961. Mwaka uliofuata walimkabidhi "The Loco-Motion" msichana aliyekuwa akiwalelea mtoto, Eva Boyd, akaitwa Little Eva, nao ukapanda hadi namba moja. Yaya akawa nyota. Lakini nyota wa daftari gani? Wimbo ulirudiwa na wengine, ukashika namba moja tena mwaka 1974 kwa bendi ya Grand Funk, na malipo ya utunzi yakaenda kulekule yalikokwenda mara ya kwanza.

King alihamia Los Angeles mwaka 1968, ndoa ikiwa imevunjika. Mwaka 1971 akatoa *Tapestry*. Aliimba mwenyewe, akapiga piano mwenyewe, na katikati ya nyimbo mpya akaweka zile za zamani alizokuwa amewatungia wengine. Albamu ilikaa namba moja kwa wiki 15. Kila nakala iliyotoka dukani ilimlipa kama mtunzi na kama mwimbaji, na sauti yake ya kawaida, isiyopambwa, ambayo miaka kumi nyuma huenda isingepewa nafasi, ndiyo watu walioitaka. Mwimbaji anayetunga nyimbo zake mwenyewe alikuwa amewasili, akina James Taylor na Joni Mitchell wakiwa naye; wote wawili wamemwitikia kwenye albamu hiyo. Taylor alichukua "You've Got a Friend", akairekodi, ikafika namba moja mwaka uleule. King akalipwa tena.

Ujio wa watu hawa uliwafanyia wapigaji jambo moja zuri. Msanii anayeimba habari za moyo wake hakutaka mtu tofauti kila siku. Alitaka watu aliowazoea, na aliwaandika majina nyuma ya kasha. Gitaa la Danny Kortchmar, dramu za Russ Kunkel na besi ya Leland Sklar, mwenye ndevu ndefu asiyesahaulika, zilizunguka albamu za Taylor na wenzake, na watatu hao pamoja na mpiga kinanda Craig Doerge walifikia hata kutoa albamu zao kwa jina la The Section. Vijana walianza kusoma makasha. Wale waliozoea kupigiwa simu bila kutajwa, kwa upande wao, waliona simu zinapungua, kwa kuwa bendi sasa zilijipigia na waimbaji walikuja na watu wao.

Wachache walivuka. Glen Campbell wa Arkansas, asiyejua kusoma nota lakini mwenye sikio lisilokosea, alipiga gitaa kwenye mamia ya vipindi kabla ya kusogea kwenye maikrofoni. "Wichita Lineman" yake ya 1968 inafunguliwa na besi ya Carol Kaye, mwenzake wa jana. Wanne wa Muscle Shoals, Alabama, walifungua studio yao wenyewe mwaka 1969, wakawa wapigaji na wenye nyumba. Na walikuwepo vijana wa Los Angeles walioanzisha Toto. Ndio hao wa "Africa", wimbo wa 1982 unaoutaja Kilimanjaro na Serengeti kana kwamba mlima uko uani kwa mbuga. David Paich, mmoja wa watunzi wake, alikuwa hajawahi kukanyaga huku. Mwaka uleule walipiga kwenye *Thriller* ya Michael Jackson. Prodyuza Quincy Jones aliomba nyimbo, akapelekewa kanda yenye kazi za Paich. Kanda iliachwa ikaendelea kuzunguka, na baada ya nyimbo za Paich ukasikika mwingine ambao haukukusudiwa kusikilizwa, wa Steve Porcaro, mpiga kinanda wa bendi. John Bettis akaandika maneno mapya, ukaitwa "Human Nature". Wenzake Porcaro walilipwa saa zao kwenye albamu iliyouzwa kuliko zote duniani. Yeye aliandikwa kwenye daftari la pili, kwa sababu ya kanda ambayo hakuna aliyeizima.

James Jamerson hakupata kanda kama hiyo. Aliyekuwa akibisha hodi chini ya gitaa la Robert White ni yeye, kwa kidole kimoja cha shahada, kwenye besi ambayo nyuzi zake hakupenda kuzibadilisha. Motown iliwalipa watu wake mshahara na kuwapiga faini walipokamatwa wakifanya kibarua kwa wengine; hata hivyo waliendesha hadi Chicago kwa siri, na "Higher and Higher" ya Jackie Wilson ya 1967 ni ushahidi. Majina yao yalianza kuandikwa kwenye albamu mwaka 1971, kwenye *What's Going On* ya Marvin Gaye. Mwaka uliofuata kampuni ilihamia Los Angeles. Jamerson akaifuata, lakini huko vipindi vilienda kwa wengine, na pombe ikafanya yake.

Machi 1983 Motown iliadhimisha miaka 25 kwa onyesho kubwa la televisheni, Pasadena. Jamerson hakualikwa. Inasimuliwa kwamba alinunua tiketi kwa walanguzi, akakaa nyuma kabisa. Jioni ile Michael Jackson alisimama peke yake jukwaani kwa ajili ya "Billie Jean", bila bendi, muziki ukitoka kwenye kanda. Besi iliyojaza ukumbi ilikuwa ya Louis Johnson, mpigaji wa studio, ambaye naye hakuonekana. Jamerson alifariki Agosti 2 mwaka huohuo, akiwa na miaka 47.