Shusheni Mawe Hayo Paani

Kila masika, upepo ukishapita Kibera na kuacha vyumba wazi, naulizwa swali lile lile. Siulizwi msumari ulishika mbao kiasi gani. Siulizwi boriti ilifungwa kwenye nguzo kwa kitu gani. Naulizwa: "Injinia, kila bati liwekewe mawe mangapi?" Nimeulizwa Mashimoni na Lindi, vijiji vya humo Kibera, nimeulizwa na Kawangware. Wenye nyumba hutaka kujua kama tairi kuukuu la matatu linatosha badala ya mawe matatu. Wapangaji hutaka kujua kama gunia la mchanga linashinda vyote viwili. Jibu ni kwamba hakuna. Si matatu, si kumi, si tairi, si gunia. Yaliyoko huko juu yashusheni, tena kabla mtoto hajapita chini yake.

Najua jibu hili linaudhi. Ukisimama kwenye reli na kutazama bondeni, utaona mabati yenye kutu yamepangana hadi macho yachoke, na juu yake mawe, matairi, vipande vya matofali, rimu za baiskeli. Jambo linalofanywa na watu wengi kiasi hicho, kwa miaka mingi kiasi hicho, huonekana kuwa ni ujuzi. Lakini upepo ukipita, mabati huokotwa kwenye mtaro na mawe huokotwa sakafuni, kisha tunarudi kuulizana idadi.

Kosa limo katika namna tunavyouwazia upepo. Tunadhani unalisukuma bati kwa ubavu, kwa hiyo kitu kizito kitalizuia lisiteleze. Upepo haulisukumi bati, unalinyanyua. Hewa inayokuja kwa kasi ikikutana na ukuta hulazimika kupanda. Ikifika ukingoni mwa paa haiwezi kupinda ghafla na kulifuata bati. Inaruka juu yake, na hapo katikati, kwenye uso wa bati, msukumo wa hewa hupungua sana. Ndani ya chumba msukumo haujapungua. Mlango ukiwa wazi, au dirisha likiwa limeng'oka, hewa inayoingia huuongeza. Bati linavutwa kutoka juu na kusukumwa kutoka chini kwa wakati mmoja. Mvuto huo ni mkali zaidi kwenye kingo na pembeni mwa paa, na mkali kupita kiasi paa likiwa karibu bapa, jinsi yalivyo mengi ya kwetu.

Nenda soko la Toi siku ya upepo uangalie turubai za wauza mitumba. Haziendi pembeni, zinavimba kwenda juu. Mchuuzi hazizuii kwa mawe. Anazifunga pembe zote kwa kamba, na kamba anaifunga kwenye nguzo iliyochimbiwa. Analijua jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi, na jioni akirudi nyumbani anapanda ngazi kuongeza jiwe juu ya bati.

Sasa tupige hesabu, maana wanaouliza idadi wanastahili kupewa idadi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kidogo kuliko ya Mombasa. Upepo wa kilomita 80 kwa saa hapa huleta msukumo wa kama kilo 25 kwa kila mita moja ya mraba. Kwenye pembe ya paa, mlango ukiwa wazi, mvuto wa juu na msukumo wa ndani vikijumlishwa hufika maradufu ya hapo, yaani kilo 50 kwa mita ya mraba. Bati la mita 3 likishapandishiana na jenzake hufunika kama mita 2.3 za mraba. Bati hilo linanyanyuliwa kwa nguvu inayozidi kilo 100. Lenyewe, likiwa la geji 30, halifiki kilo 8. Jiwe ambalo mtu mzima anaweza kupanda nalo ngazi mbovu kwa mkono mmoja lina kilo 10 hivi. Kwa hiyo unahitaji mawe kama kumi juu ya bati moja la pembeni. Katikati ya paa mvuto ni mdogo zaidi, lakini chumba chetu cha kawaida cha futi 12 kwa 12 kwa jumla kingehitaji takriban kilo 400 za mawe. Weka kilo 400 juu ya mbao za mbili kwa mbili zilizoanza kuoza, zilizokalia ukuta wa udongo na fito, uone kama utaungoja upepo ndio uiangushe nyumba.

Na upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Mawe hayaongezeki.

Hapo nimeyapa mawe nafasi nzuri kuliko yanavyostahili, kwa kudhani jiwe hubaki pale lilipowekwa. Halibaki. Jiwe huwekwa katikati ya bati kwa sababu pembeni huteleza, na bati huanza kung'oka pembeni. Ukingo unapinda, unapigapiga, msumari unalegea, tundu linapanuka, na jiwe bado limetulia katikati likionekana kufanya kazi. Kisha bati linaruka lote, na jiwe linashuka. Vichochoro vya Mashimoni vingine havina upana wa mita moja. Mtu anayekimbia upepo hana pa kulikwepa.

Siku za kawaida nazo jiwe halilali bure. Linakwangua madini ya zinki yaliyopakwa kwenye bati, linashika tope na unyevu chini yake, na bati linaoza hapo hapo. Tairi hukusanya maji ya mvua, na mbu wanazaa humo. Mkibandua mabati ya paa lililokaa na mawe miaka kadhaa, matundu ya kutu mtayakuta pale mawe yalipokuwa.

"Lakini la jirani lilikuwa na mawe na halikutoka." Hii nimeisikia mno. Upepo unaotupiga Nairobi si kama kimbunga kilichoipiga Zanzibar tarehe 15 Aprili 1872 na kuangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote. Jiji letu liko karibu mno na ikweta na mbali na bahari kwa vimbunga vya namna hiyo. Wetu hutoka kwenye wingu la radi: hewa baridi inaporomoka pamoja na mvua, inagonga ardhi, inatawanyika kwa kasi pande zote, na baada ya dakika chache imekwisha. Eneo linalopigwa sana linaweza kuwa dogo. Ploti moja inavuliwa nguo, ya pili yake haikupoteza hata msumari. Mawe hayakuhusika.

Jingine ni kwamba nyumba zilizosongamana hukingana. Zinazoumia ni zile za ukingoni: zinazotazama reli, zinazotazama bonde la mto, na tangu Julai 2018 zile zilizobaki kando ya njia iliyofunguliwa kwa barabara pale matingatinga yalipopita Mashimoni na vijiji jirani. Nyumba zilizokuwa katikati ya kijiji zilijikuta mbele, bila kuongezewa hata waya mmoja. Tena ubomoaji wowote huachia mabati mitumba yanayopigiliwa upya penye matundu ya zamani, na msumari mpya kwenye tundu la zamani haushiki chochote.

Nitalikubalia jiwe jambo moja. Siku ya upepo mdogo, jiwe hunyamazisha bati linalogonga. Usiku watoto wanalala, na mama anaamini paa limetengenezwa. Ndiyo maana imani hii haifi. Lakini mgongano ule ulikuwa onyo kwamba msumari umelegea. Tumelinyamazisha onyo, tumeuacha msumari.

Kinacholishika paa ni mfululizo: bati linashikwa na msumari, msumari na mbao, mbao na boriti ya juu ya ukuta, boriti na nguzo, nguzo na ardhi. Upepo hutafuta kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote. Ukiweka misumari mizuri kwenye mbao ambazo hazikufungwa kwenye nguzo, bati halitang'oka kwenye mbao. Litaruka na mbao zake, na hiyo ni mbaya zaidi kwa atakayeangukiwa. Msumari mmoja wa mabati, ule wenye kofia, uliopigiliwa vizuri kwenye mbao nzima na kavu, hushika makumi ya kilo. Misumari minne mizuri inalishinda rundo la mawe ambalo paa lenyewe lisingeweza kulibeba.

Hapa ndipo majirani wanapoingia, na hapa ndipo ninapokosa subira hasa. Ploti yenye vyumba kumi mara nyingi ina paa moja. Bati la chumba cha kwanza limelalia la chumba cha pili, na kuendelea hadi mwisho. La pembeni likifunguka, upepo unapata mlango wa kuingia chini ya la pili. Kwa hiyo mpangaji wa chumba cha tano anayenunua misumari yake na kukaza bati lake peke yake anatupa pesa, kama chumba cha kwanza na cha kumi vimeachwa. Baada ya upepo nakuta watu wanagombania mabati yaliyookotwa, kila mmoja akivutia kwake, kisha kila mmoja anapigilia kwake kwa namna yake. Kaeni kikao kimoja cha ploti, pamoja na mzee wa kijiji. Mlikaze paa lote, au msipoteze fedha.

Na mwenye nyumba aitwe kwenye kikao hicho. Wengi wa wakazi wa Kibera ni wapangaji, na anayepokea kodi mara nyingi haishi hapo. Anasema ardhi ni ya serikali na kesho inaweza kubomolewa, kwa nini aweke pesa? Lakini kodi anaipokea kila mwezi kwa chumba chenye paa. Mawe yamemsaidia sana mtu huyu: ni ya bure, na mpangaji huyabeba mwenyewe. Misumari, waya na mbao ni gharama yake, na wapangaji kumi wakiomba kwa sauti moja ni vigumu kuwajibu kama anavyomjibu mmoja.

Sasa ya kufanya, kwa haraka. Mara tu upepo unapotulia usiguse bati lolote lililolalia waya, wala ukuta wa bati uliopitiwa na waya. Stima ya sambaza, ile ya kuunganishwa kiholela, haina kinga, na bati likipata moto wa umeme safu nzima ya mabati inaupata. Waambieni wanaousambaza wauzime, na Kenya Power wapigieni kwa 97771. Vaeni viatu kabla ya kuokota. Misumari imetapakaa, na aliyechomwa aende kliniki siku hiyo hiyo akaulizie chanjo ya pepopunda. Msipande juu ya paa lililobaki mkidhani ni zima. Mara nyingi limelegea.

Kabla ya kurudisha mabati, kagueni mbao. Mbao ambayo msumari unaingia kwa kidole haifai. Bati lililopasuka kwenye matundu likateni sehemu hiyo, au ligeuzeni ili misumari ipite penye uzima, na matundu ya zamani yazibwe kwa lami. Msumari upigwe juu ya mgongo wa wimbi, siyo kwenye bonde ambapo maji hupita, na uwe na raba yake. Pembezoni mwa paa pigeni kila mgongo. Katikati, pigeni mgongo mmoja, mruke mmoja. Mbao za kubebea mabati zisiachane zaidi ya sentimita 90, na kwenye kingo zikaribiane zaidi. Mkinunua bati jipya kumbukeni namba kubwa ya geji ni bati jembamba: la 32 hupasuka penye kofia ya msumari mapema kuliko la 30, na la 28 ni bora kuliko yote mawili.

Kila mbao ifungwe kwenye boriti, na kila boriti kwenye nguzo, kwa waya wa kufungia nondo uliokunjwa mara mbili na kusokotwa kwa playa, au kwa utepe wa chuma wenye matundu kutoka hadwea. Nguzo ishuke angalau sentimita 60 ardhini, na zege ikiwezekana. Upenu usizidi sentimita 30. Ukitaka kivuli cha kibanda jenga kipaa chake mbali, ili kikitoka kisiondoke na paa kubwa.

Kama pesa ya mwezi huu inatosha kitu kimoja tu, laza mbao juu ya mabati kwenye kingo zote, toboa, pitisha waya, uufunge hadi kwenye nguzo. Si kazi nzuri ya kuangalia, lakini inashika. Upepo ukianza, funga mlango na dirisha. Wanaofungua "upepo upite" wanaujaza chumba hewa inayolisukuma paa juu.

Msikaze upande ule tu uliotoka safari hii. Wingu la radi linaweza kuporomosha hewa yake popote, na mara ijayo upepo unaweza kuingia Mashimoni kutoka upande wa reli au kutoka bondeni. Pembe zote nne zifungwe kabla ya mvua za vuli.