Makato ya kodi yakikosewa katika kazi mpya, mfanyakazi afanyeje?

MSHAHARA wa kwanza katika kazi mpya huwa umekwisha kupangiwa matumizi kabla haujafika benki. Karo ya watoto, kodi ya nyumba na deni la duka vyote huungoja. Ndiyo maana wafanyakazi wengi hutazama tarakimu moja tu katika hati ya mshahara, ile ya chini kabisa, kisha wakaikunja na kuiweka mfukoni. Hata hivyo, ni katika mistari iliyo juu ya tarakimu hiyo ambamo kosa la kodi hujificha, na kosa hilo likiachwa mwaka mzima huweza kumgharimu mwajiriwa maelfu ya shilingi.

Suala hili linawagusa wakazi wa Matulo, wadi iliyoko Webuye Magharibi katika Kaunti ya Bungoma, sawa na linavyowagusa wenzao kote nchini. Tangu kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mjini Webuye kiliposimamisha shughuli mwaka 2009, wengi katika eneo hilo wamelazimika kutafuta riziki kwa kuhama kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine, baadhi wakielekea mjini Bungoma na baadhi wakishika barabara ya Kitale. Kila anapobadilisha kazi, mfanyakazi huanza upya mbele ya karani wa mishahara asiyemjua, na hapo ndipo makosa huzaliwa.

Nchini Uingereza, mamlaka ya kodi humpa kila mwajiriwa msimbo wa tarakimu na herufi unaomwonyesha mwajiri ni kiasi gani cha mshahara kisichotozwa kodi. Msimbo huo ukikosewa, mfanyakazi huiandikia mamlaka irekebishe. Kenya haina utaratibu wa namna hiyo. Hapa, hesabu ya kodi inayokatwa mshahara, yaani PAYE, hufanywa na mwajiri mwenyewe kwa kutumia nambari ya PIN ya mfanyakazi na maelezo aliyopewa. Kwa hivyo, kosa likitokea, mlango wa kwanza wa kubisha si ule wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), bali ni wa ofisi ya mishahara.

Hesabu sahihi ilivyo

Ili kulitambua kosa, sharti mtu ajue hesabu iliyo sawa. Chukua mfano wa karani wa ghala aliyeajiriwa mwaka 2025 kwa mshahara wa Sh40,000 kwa mwezi.

Kwanza hukatwa michango mitatu. Asilimia 6 huenda kwa Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF), ambayo ni Sh2,400. Asilimia 2.75 huenda kwa bima ya afya ya jamii (SHIF), ambayo ni Sh1,100. Asilimia 1.5 ni ada ya nyumba za bei nafuu, yaani Sh600. Jumla ni Sh4,100.

Tangu Desemba 27, 2024, sheria inataka michango yote mitatu iondolewe kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa. Awali, ni mchango wa NSSF pekee kati ya hiyo mitatu uliotangulizwa hivyo. Karani huyo basi hutozwa kodi juu ya Sh35,900, wala si juu ya Sh40,000.

Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2023, Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, na kinachozidi hapo hutozwa asilimia 30 hadi mshahara ufike Sh500,000, ambapo viwango vya juu zaidi huanza. Kodi ya karani wetu ni Sh5,553.35. Kutoka hapo huondolewa nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400, ambayo kila mkazi wa Kenya anastahili kwa mwezi. Kinachobaki, Sh3,153.35, ndicho anachopaswa kukatwa.

Makosa yanayomwumiza mfanyakazi

Kosa la kwanza ni mwajiri kutoondoa michango hiyo kabla ya kupiga hesabu, hasa pale ambapo programu ya mishahara haijarekebishwa tangu sheria ibadilike. Iwapo yote mitatu itasahauliwa, karani huyo atakatwa Sh4,383.35, yaani Sh1,230 zaidi kila mwezi.

La pili ni kunyimwa nafuu ya kibinafsi. Hutokea pale mwajiri mpya anapomsajili mfanyakazi kana kwamba hiyo ni ajira yake ya pili, ilhali ya kwanza ameshaiacha. Fomu ambayo mwajiri huwasilisha kwa KRA kila mwezi ina sehemu ya kuonyesha kama huyo ni mwajiriwa wa msingi au wa ziada. Alama moja iliyowekwa mahali pasipofaa humpotezea karani Sh2,400 kwa mwezi, au Sh28,800 kwa mwaka.

La tatu ni PIN iliyoandikwa vibaya. Hapa pesa hukatwa na huenda zikafika serikalini, lakini huingia kwa jina la mtu mwingine. Mfanyakazi haoni dalili yoyote mpaka siku anapowasilisha ritani, ambapo mtandao wa iTax humwonyesha kwamba hajalipiwa kitu.

La nne huwapata wenye stahili maalumu. Anayelipa bima ya maisha anaruhusiwa nafuu ya asilimia 15 ya malipo yake, mradi isizidi Sh5,000 kwa mwezi. Mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha cha KRA hatozwi kodi katika Sh150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Lakini vyeti vilivyokabidhiwa mwajiri wa Kitale havimfuati mtu hadi Matulo. Ni wajibu wake kuvipeleka upya.

Kosa linaloonekana kama neema

Yapo pia makosa ambayo mfanyakazi huyafurahia, asijue kuwa ni deni. Tuseme karani huyo aliacha kazi Kitale tarehe 15 na kuanza nyingine Matulo tarehe 16, kila mwajiri akamlipa Sh20,000 kwa nusu mwezi. Kila mmoja, akipiga hesabu peke yake, atapata kodi ya Sh1,795, kisha aondoe nafuu ya Sh2,400. Matokeo ni kwamba hakuna aliyemkata hata senti. Lakini nafuu ni moja kwa mtu mmoja kwa mwezi mmoja, na mapato yote ya mwaka hujumlishwa. Mwisho wa mwaka atadaiwa zile Sh3,153.35 alizodhani amesamehewa.

Hali huwa nzito zaidi kwa mwenye ajira mbili. Akipata kazi ya jioni ya Sh15,000 bila kumweleza mwajiri wa pili kuhusu ile ya kwanza, huenda asikatwe kodi yoyote huko. Ukweli ni kwamba fedha hizo, zikishaongezwa juu ya zile Sh40,000, zote huangukia kiwango cha asilimia 30. Baada ya michango kuondolewa, kodi yake ni Sh4,038.75 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima hilo ni deni la Sh48,465, zaidi ya mshahara wake wa mwezi. Hata mwajiri wa pili akimnyima nafuu inavyostahili, bado kiasi atakachokata kwa viwango vya chini hakitatosha. Ni busara mwenye ajira mbili aweke akiba kila mwezi kwa ajili ya kufidia pengo hilo.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza ni kuisoma hati ya mshahara wa mwezi wa kwanza mstari kwa mstari. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 20, inamtaka mwajiri atoe hati inayoonyesha mshahara, kila makato na sababu ya makato hayo. Kwa hivyo, kuomba maelezo si utovu wa adabu, ni haki.

Pili, mfanyakazi aieleze ofisi ya mishahara kosa hilo kwa maandishi, hata kama ni barua fupi ya nusu ukurasa, na abaki na nakala. Ataje mwezi, kiasi kilichokatwa, kiasi anachoamini ni sahihi na sababu yake. Sheria ya Fedha ya 2025 imempa nguvu zaidi, kwani tangu Julai 1, 2025 mwajiri analazimika kuzingatia makato, nafuu na misamaha yote ambayo mfanyakazi anastahili anapokokotoa PAYE. Kabla ya hapo, baadhi ya waajiri waliwaambia wafanyakazi wao wakadai wenyewe mwisho wa mwaka.

Tatu, wakati ni mali. PAYE hupaswa kufika KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kosa likigunduliwa kabla ya hapo, karani wa mishahara hulirekebisha kwa urahisi. Likigunduliwa baadaye, mwajiri atalazimika kuwasilisha upya kupitia iTax ritani ya mwezi husika iliyosahihishwa, na hiyo ndiyo njia ya kutengeneza PIN iliyokosewa.

Nne, anayeacha kazi asiondoke mikono mitupu. Kila mwajiri hutoa fomu ya P9 inayoonyesha mapato na kodi iliyokatwa kila mwezi. Aliyefanya kazi kwa waajiri wawili katika mwaka mmoja anahitaji P9 mbili, na zote mbili ziingizwe katika ritani. Kumrudia mwajiri wa zamani mwaka mmoja baadaye kutafuta karatasi hiyo ni safari ambayo wengi wamejutia, hasa ikiwa kampuni imefungwa au mhasibu amehama. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka ukishapita

Iwapo mwaka umekwisha bila marekebisho, njia bado haijafungwa. Ritani ya mwaka huwasilishwa kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata. Humo mapato yote hujumlishwa, kodi ya mwaka mzima hukokotolewa upya na kulinganishwa na iliyokatwa. Aliyekatwa kupita kiasi anaweza kuomba kurejeshewa kupitia iTax, na sheria humpa miaka mitano tangu siku kodi ilipolipwa. Ombi hilo huhitaji ushahidi, yaani P9, hati za mshahara na vyeti vya bima au msamaha.

Aliyekatwa pungufu naye hulipa tofauti. Wengi hukosea hapa kwa kudhani kwamba tarehe ya mwisho ni Juni 30. Hiyo ni ya kuwasilisha ritani. Kodi yenyewe hupaswa kulipwa kufikia Aprili 30, na baada ya hapo deni hutozwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Asiyewasilisha ritani kabisa hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya kodi, kutegemea ipi iliyo kubwa.

Asiyejua kutumia mtandao hana sababu ya kukata tamaa. Vituo vya Huduma mjini Bungoma na Kitale huwahudumia wananchi kuhusu PIN na iTax. Anayekwenda huko abebe kitambulisho, PIN, hati za mshahara za miezi inayohusika na nakala ya barua aliyomwandikia mwajiri, kwani swali la kwanza atakaloulizwa ni iwapo ameshazungumza naye.

Kosa la Sh1,230 linaweza kuonekana dogo katika mwezi mmoja. Kwa miezi 12 ni Sh14,760, fedha ambazo mzazi wa Matulo angezilipia karo. Mwezi wa kwanza, kosa hilo huondolewa kwa barua moja. Asiyeziba ufa, wanasema Waswahili, hujenga ukuta.