Nakala za Maikrofoni za Zamani, na Kwa Nini Valvu Si Mkosaji

Nataka kueleza habari za maikrofoni za valvu, yaani vile vipaza sauti vya namna ya zamani ambavyo siku hizi huigwa na viwanda vingi na kuuzwa kwa bei ndogo. Sababu ya kuchagua habari hii ni hii. Kwaya yetu inajiandaa kurekodi nyimbo zake, na baadhi ya wazee waliotangulia hapa shuleni wameandika kwamba wako tayari kutununulia valvu ya Kijerumani ya zamani, maana wameambiwa kuwa ndiyo itakayoondoa ukali wa maikrofoni zetu mbili. Twawashukuru kwa moyo. Lakini mimi naona kwamba fedha hizo zitapotea bure, na yafaa nionyeshe sababu kabla hazijatumwa.

Kwanza tujue kinachoigwa ni kitu gani. Mwaka 1949 kampuni ya Georg Neumann ya Berlin ilianza kuuza maikrofoni iitwayo U 47. Nyingi ziliuzwa kupitia kampuni ya Telefunken, ikaziwekea alama yake, na ndiyo maana watu wengine huziita Telefunken mpaka leo. Valvu yake iliitwa VF 14, nayo ilikuwa na ganda la chuma badala ya kioo. Huko Vienna kampuni ya AKG ilileta C 12 mwaka 1953, na mwaka 1960 Neumann ikaleta U 67, iliyotumia valvu ya kawaida iitwayo EF86, kwa kuwa Telefunken ilikuwa imekwisha kuacha kutengeneza VF 14. U 47 yenyewe ilikoma mwaka 1965. Frank Sinatra aliimba mbele ya U 47, na Beatles waliimba mbele ya U 47 na ndugu yake U 48 katika studio za Abbey Road, London. Basi si ajabu kwamba U 47 ya asili iliyo nzima sasa huuzwa kwa zaidi ya dola 10,000, na kwamba valvu ya VF 14 peke yake yaweza kupita bei ya nakala nzima pamoja na sanduku lake.

Ndani ya maikrofoni ya namna hii mna vitu vichache tu vyenye maana: kapsuli, valvu na transfoma, tena nje kuna sanduku la umeme. Kapsuli ni bamba la shaba lenye matundu madogo, na juu yake umewambwa utando wa plastiki kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Utando hupakwa dhahabu kidogo mno ili upitishe umeme, na unene wake mara nyingi ni maikroni 6. Unywele wa mtu hupita unene huo mara kumi hivi. Kati ya bamba na utando huwekwa umeme wa volti 60 au karibu na hapo. Mwimbaji aimbapo utando hutikisika, nafasi iliyo kati huongezeka na kupungua, na volti nayo hubadilika vivyo hivyo. Lakini mabadiliko hayo ni dhaifu kabisa, hayawezi kusafiri katika waya mrefu. Kazi ya valvu ni kuyapokea bila kuyanyonya na kuyapa nguvu, kisha transfoma huyatayarisha kwa safari. Valvu ni kama tarishi apokeaye barua mlangoni: aweza kuichafua kidogo, lakini si yeye aliyeiandika. Aandikaye ni kapsuli.

Sasa nije kwenye maikrofoni zetu. Moja ilinunuliwa mpya kwa fedha za kwaya, nene na fupi kwa umbo la U 47. Nyingine tulipewa ikiwa imetumika, nayo ni nyembamba na ndefu mfano wa C 12. Zote mbili zimetengenezwa China, zote zina valvu ya namna ya 12AX7, na zote zilikuwa na kasoro moja. Sauti ya tatu na ya nne zilisikika vizuri, lakini kila neno lenye s au sh, kama "asubuhi" au "shangwe", lilitoka kwa mluzi kama mvuke wa birika. Kwa wimbo wa Kiingereza mtu angeweza kuvumilia. Kiswahili kina s nyingi mno.

Ili tusibishane kwa maneno matupu, mwalimu wa Fizikia alitufundisha namna ya kulinganisha. Maikrofoni zisimame bega kwa bega, kapsuli zikiwa kimo kimoja, na mwimbaji mmoja aimbe mara moja mbele ya zote, kwa umbali wa sentimita 40. Akiimba mara mbili, utakuwa unalinganisha pumzi zake wala si vyombo. Tena, na hili ndilo watu wengi hulisahau, lazima ukubwa wa sauti usawazishwe kwa kipimo kabla ya kusikiliza, kwa sababu sikio la mtu husifu chombo kinacholia kwa nguvu zaidi na kudhani kwamba ni bora. Mwisho rekodi zipewe namba tu, asijulikane ni ipi. Viongozi wanne wa sauti walisikiliza. Maikrofoni zilizo tofauti kabisa kwa umbo, moja ya Berlin na moja ya Vienna kwa kusingiziwa, walishindwa kuzitofautisha.

Tulipozifungua tukaelewa. Kapsuli zilikuwa za namna moja! Ukiitazama kapsuli ya U 47 iitwayo K 47 utaona bamba moja lililowambwa utando pande mbili. Zetu zilikuwa na bamba mbili zilizounganishwa mgongo kwa mgongo, na mstari wa kiungo waonekana ubavuni. Hiyo ni nakala ya K 67, kapsuli ya U 67, na viwanda vingi huipenda kwa kuwa kila nusu yaweza kupimwa na kurekebishwa peke yake kabla ya kuunganishwa. Basi umbo la nje lilikuwa mavazi tu. Rangi ya dhahabu na sanduku la mbao havilii.

Hapa ndipo kiini cha jambo, nami naomba msomaji anifuate polepole. K 67 kwa tabia yake hupandisha sauti nyembamba, hasa karibu na mitetemo 10,000 kwa sekunde. Mafundi wa Neumann walijua hivyo, wala hawakuona kuwa ni kosa. Waliiacha kapsuli ipandishe, kisha katika mkondo wa valvu wakarudisha sehemu ya sauti kinyume ili kuzishusha zile zilizopandishwa kupita kiasi. Faida yake ni kwamba mvumo wa valvu, ule unaosikika kama mchele unaopepetwa, ulishushwa pamoja nazo. Kapsuli na mkondo wake ni kufuli na ufunguo wake. Waigaji wengi walichukua kapsuli wakaacha ule mkondo wa kushusha, wakatumia mkondo rahisi unaopitisha kila kitu sawasawa. Kwa hiyo kilichopandishwa hakikushushwa na mtu. Mluzi wetu ulitoka hapo. Sisemi kwamba nakala zote ziko hivyo. Ziko zinazouzwa kwa bei kubwa kidogo ambazo hufuata kapsuli na mkondo wa asili kwa uaminifu. Lakini ile ya bei ya chini kabisa, kabla hujamlaumu yeyote mwingine, itazame kapsuli.

Dawa ni mbili. Kwa ile maikrofoni fupi tulitoa kapsuli tukaweka nyingine ya namna ya K 47, mpya, si ya Kijerumani, iliyoagizwa kwa fedha zilizobaki. Kazi yenyewe ni ya nyaya tatu na parafujo chache, lakini mkono usitetemeke. Tulipolinganisha tena, mmoja wa viongozi aliuliza kama mwimbaji amebadilishwa. Maikrofoni hii sasa ndiyo tunayoitumia.

Kwa ile ndefu hatukuwa na fedha, tukatumia hesabu. Kapasita ndogo ikiwekwa kati ya anodi ya valvu na chasisi hupitisha sauti nyembamba chini kabla hazijafika kwenye transfoma. Kanuni yake ni ile ya darasani: moja, gawanya kwa 2π mara ukinzani mara kapasita. Katika mkondo wetu ukinzani ulikuwa karibu omu 50,000, na pikofaradi 400 huanza kushusha sauti zilizo juu ya mitetemo 8,000 hivi. Fundi wa maabara alipata kapasita ya mika yenye kustahimili volti 500. Mluzi ulipungua sana. Hata hivyo hii ni nusu ya dawa, kwa maana kapsuli huinua kilima, na kapasita hii huteremsha mteremko: kilima hupungua, lakini na bonde lililo nyuma yake huzama. Sauti za wasichana wa shule ya jirani, wanaoimba nasi siku za sikukuu, hupoteza mwanga kidogo. Mimi naikubali kwa muda tu.

Mambo mengine nitayapitia upesi. Wavu wa kichwani ulikuwa na tabaka tatu za waya. Tulitoa moja ya ndani, kwa kuwa wavu mzito hurudisha sauti kwenye kapsuli kama ukuta urudishavyo mwangwi. Zisitolewe zote, maana wavu ndio unaokinga mngurumo wa nyaya za umeme. Transfoma ndogo za nakala huchoka mbele ya ngoma kubwa, lakini kwa waimbaji hatukuona haja ya kuzibadili.

Basi valvu je? VF 14 haiwezi hata kuingia katika maikrofoni zetu. Miguu yake haikubaliani na soketi, tena imetengenezwa kwa moto wa volti 55, ingawa Neumann waliipa kiasi cha volti 36 tu ili idumu. Zetu hutoa volti 6.3. Labda wazee wetu wana maana ya 12AX7 ya zamani iliyotengenezwa Ujerumani, ambayo Ulaya huitwa ECC83. Hiyo huingia. Mwalimu alikuwa na moja iliyotoka katika redio ya baba yake, nasi tuliijaribu kwa utaratibu ule ule. Mvumo ulipungua kidogo. Mluzi ulibaki vile vile, na kwa sauti iliyosawazishwa hakuna kiongozi aliyeweza kuitambua kwa uhakika. Tulijaribu pia 12AY7, ambayo hukuza kwa kiasi cha 44 mahali ambapo 12AX7 hukuza kwa 100. Tofauti yake ilisikika mara moja, lakini ilikuwa ni kushuka kwa nguvu tu. Tulipoisawazisha ikatoweka karibu yote. Mwenye kusikia tofauti kubwa baada ya kubadili valvu na ajiulize kwanza kama alisawazisha.

Nawaonya vijana wa madarasa ya chini wasiguse jambo hili peke yao. Sanduku la umeme hupokea volti 240 kutoka ukutani, na ndani yake mna volti zaidi ya 100 za umeme usiobadilika. Kapasita zake hushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Sisi hatukufungua kitu bila fundi wa maabara kuwapo, naye kila mara alisubiri, akazimwaga kapasita kupitia rezista, kisha akapima kwa mita kabla ya mtu kutia kidole.

Kuna na adui mwingine, ambaye wenzetu wa Berlin hawamjui sana: unyevu. Rezista iliyo kwenye gridi ya valvu huwa na ukinzani wa omu milioni 100 au zaidi, na jasho la kidole likibaki juu yake umeme wa kapsuli huvuja. Hapa tulipo, karibu na Ziwa Victoria, majira ya masika maikrofoni hutatarika kama kuni mbichi. Tulisafisha sehemu hiyo kwa spiriti safi, na sasa kila usiku maikrofoni hulala katika mkebe wenye vifuko vya kukausha, vile vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu.

Kwa hiyo ombi letu kwa wazee ni kapsuli moja ya namna ya C 12, yaani ile iitwayo CK 12, mpya, kwa ajili ya maikrofoni ndefu. Si lazima itoke Vienna. Ziko nakala nzuri zinazotengenezwa China na Ulaya, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya valvu ile mliyoitaja. Atakayeileta asiitume katika bahasha. Aibebe mwenyewe ndani ya mkebe mgumu usiopitisha hewa, pamoja na vifuko viwili vya kukausha, wala asiifungue njiani ili kuwaonyesha wenzake, kwa kuwa mguso mmoja wa kidole juu ya utando waweza kuuharibu.