Rangi, Dirisha na Maua: Nyumba Ipendeze Bila Kumdhuru Mtoto

Mwezi wa Novemba ukielekea kwisha, harufu ya rangi huanza kusikika mitaani na vijijini. Noeli inakaribia. Watoto walioko mijini watarudi nyumbani, wageni watakuja, na hakuna mama anayependa wageni wakute kuta zenye masizi. Baba hununua ndoo ya rangi, vijana hupewa brashi na msasa, makochi hutolewa nje. Ni desturi nzuri, nasi hatuna nia ya kuipinga. Nyumba iliyopambwa humtuliza aliyerudi amechoka, na hata mgonjwa aliyelala siku nyingi hupata nafuu ya moyo akiona ukuta safi na chungu cha maua dirishani.

Basi ukurasa wa afya unaingilia wapi? Tunaingia kwa sababu ya watoto. Mtu mzima huitazama nyumba kwa macho, lakini mtoto mdogo huijua kwa mikono na mdomo. Hulamba ukuta, hutafuna jani, huchota udongo wa kwenye chungu, hunywa chochote anachokikuta ndani ya chupa ya soda. Kwa hiyo kila tunapochagua rangi au ua, pamoja na kuuliza kama linapendeza, tuulize pia: likiingia kinywani mwa mtoto, itakuwaje?

Tuanze na mwanga

Kabla ya kununua chochote, tusimame mlangoni saa sita mchana tutazame ndani. Kama hatuwezi kusoma gazeti bila kuwasha taa, kasoro haiko kwenye rangi, iko dirishani. Nyumba zetu nyingi zina madirisha madogo, nayo tumeyafunika kwa mapazia mazito, na nyuma ya pazia tumepanga masanduku hadi juu. Halafu tunashangaa kwa nini sebule ina harufu ya unyevu na watoto wanakohoa.

Vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani katika chumba kilichofungwa. Hewa inayopita huvipunguza, na mwanga wa jua huviua. Kwa hiyo pambo la kwanza halina gharama: masanduku yaondolewe dirishani, pazia zito libadilishwe kwa kitambaa chepesi, na madirisha mawili yanayotazamana yafunguliwe kila asubuhi ili hewa ipite moja kwa moja. Wenye hofu ya mbu waweke wavu wa dirisha, wasifunge.

Baada ya hapo ndipo rangi inaposaidia. Ukuta mweupe ulio safi hurudisha chumbani karibu sehemu nne kati ya tano za mwanga unaoupiga. Kijani iliyokolea au bluu nzito huumeza sehemu kubwa ya mwanga huo. Ndiyo maana tunashauri dari iwe nyeupe, kuta ziwe na rangi isiyokolea, kama ya maziwa au njano hafifu, na rangi nzito iwekwe chini tu, kiasi cha mita moja kutoka sakafuni, mahali ambapo mikono ya watoto na migongo ya viti huchafua. Hatusemi kila nyumba ifanane na zahanati. Mlango mwekundu au fremu ya bluu huchangamsha nyumba nzima, na ndoo ndogo inatosha.

Tuwakumbuke pia bibi na babu. Jicho lililopungua nguvu halitofautishi ngazi ya saruji na sakafu ya saruji. Mstari mweupe au wa manjano kwenye ukingo wa kila ngazi, upana wa vidole vinne, ni urembo unaoweza kuzuia mfupa wa nyonga kuvunjika. Kazi hiyo ni ya nusu saa.

Risasi ndani ya rangi

Hapa tutakaa kidogo, kwa maana jambo hili familia nyingi hazijalisikia. Kwa miaka mingi watengenezaji wa rangi walitia madini ya risasi katika rangi ya mafuta, hasa zile za kung'aa: njano, nyekundu, rangi ya chungwa na baadhi ya kijani. Risasi huifanya rangi ikolee, ikauke haraka na idumu. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978. Nchi nyingine zilichelewa sana, kwa hiyo nyumba, milango, vitanda na hata madawati yaliyopakwa zamani yanaweza kuwa nayo hadi leo. Ukitazama haviwezi kutambulika, kwa kuwa risasi haina harufu wala haibadilishi sura ya rangi.

Rangi ikiwa imeshika vizuri ukutani, hatari ni ndogo. Shida huanza inapobabuka au inapokwanguliwa. Vumbi lake hutua sakafuni, mtoto hutambaa, huweka vidole mdomoni. Risasi ikiingia katika damu huenda kwenye ubongo na mifupa. Mtoto hupungukiwa damu, huwa mzito kujifunza, hukosa utulivu darasani, na wazazi huweza kumchapa kwa uvivu ambao si wake. Ubongo ulioharibiwa kwa njia hii hauwezi kurudishwa ulivyokuwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mama mjamzito, risasi hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Sasa turudi kwa wale vijana tuliowapa msasa. Kukwangua rangi ya zamani ikiwa kavu ndiyo njia mbaya kuliko zote. Kuichoma kwa moto ili ilainike ni vibaya vilevile, kwa sababu moshi wake una risasi. Kama rangi ya zamani haijabanduka, tusiikwangue. Tuioshe na kupaka mpya juu yake. Kama imebanduka, tulowanishe ukuta kwa maji kwanza, tukwangue ukiwa umelowa, tutandaze turubai au magazeti chini, na takataka zote zifungwe na kutupwa mbali na bustani ya mboga na banda la kuku. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu hurusha vumbi tu. Watoto na mama wajawazito wakae kwa jirani mpaka kazi iishe.

Tunaponunua rangi mpya, tusome kwenye kopo kama imeandikwa kuwa haina risasi. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi. Kwa kuta za ndani, rangi ya maji inatosha na harufu yake haiumizi kichwa kama ile ya mafuta. Na mabaki ya rangi, mafuta ya taa au dawa ya kuoshea brashi yasiwekwe kamwe ndani ya chupa ya soda. Mtoto akinywa mafuta ya taa, asitapishwe, kwani yakiingia mapafuni wakati wa kutapika ndiyo huua. Apelekwe hospitali mara moja.

Chokaa na udongo

Asiye na fedha ya rangi asijione mnyonge. Chokaa ni rangi ya zamani kuliko zote zinazouzwa madukani, ni nyeupe, ni ya bei nafuu, na ukali wake huua vijidudu vingi na ukungu wa ukutani. Tunaichuja, tunaikoroga na maji mpaka iwe kama maziwa mazito, tunatia chumvi kidogo ili ishike, kisha tunapaka mikono miwili au mitatu, kila mmoja mwembamba, tukiacha ukuta ukauke kati ya mkono mmoja na mwingine. Lakini chokaa huunguza. Aliyeshika brashi akipaka dari afunike macho. Ikimwingia jichoni, aoshwe hapo hapo kwa maji mengi safi kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha aende hospitali, hata kama maumivu yametulia.

Katika nyumba za udongo, mama zetu wamekuwa wakisiriba kuta na sakafu kwa udongo mweupe, mwekundu na majivu tangu zamani, wengine wakichora nakshi nzuri kuzunguka mlango. Wapo vijana wanaoona aibu kwa kazi hiyo. Wangejua faida yake wangeshika wenyewe udongo. Nyufa za kuta na sakafu ya vumbi ndiyo makao ya papasi, wanaotoka usiku kunyonya damu na kuambukiza homa ya papasi. Funza nao hupenda vumbi kavu. Sakafu iliyosiribwa na kusuguliwa ikawa laini huwanyima wadudu hao mahali pa kujificha.

Kuhusu vitambaa vya kufuma juu ya makochi tutasema kwa upole, maana tunajua ni mikono ya nani iliyovifuma. Ni vizuri. Ila kama nyumbani kuna mwenye pumu, vifuliwe kila wiki na kuanikwa juani, pamoja na maua ya plastiki yaliyokusanya vumbi tangu harusi ya mtoto wa kwanza.

Maua ya ndani

Watu hutuuliza kama ni kweli maua hulala chumbani yakituibia hewa usiku. Ni kweli kwamba mmea huvuta hewa usiku kama sisi, lakini kiasi chake ni kidogo mno. Kaka mdogo anayelala kitanda cha pili hutumia hewa nyingi zaidi. Wengine wanaamini kinyume chake, kwamba maua husafisha hewa ya nyumba. Imani hiyo ilienea baada ya utafiti wa Shirika la Anga la Marekani mwaka 1989, ambao ulifanyika ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Mwaka 2019 wataalamu walipiga hesabu upya kwa nyumba za kawaida, wakaona kwamba ili maua yafanye kazi ya hewa inayopita ndani ya jengo, zingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Familia ingelala nje! Tupande maua kwa sababu yanapendeza, na dirisha tulifungue.

Jambo la kuogopa zaidi ni utomvu. Lipo ua linalopendwa sana sebuleni, lenye shina nene la kijani na majani mapana yenye madoa meupe au ya manjano. Ndani yake mna chembe zenye ncha kali kama sindano. Mtoto akitafuna jani lake, ulimi na midomo huvimba, mate hutiririka, na sauti inaweza kukauka. Anayetaka kuelewa akumbuke jinsi magimbi mabichi yanavyowasha kooni. Ua hili ni la ukoo mmoja na magimbi, na ndugu zake wengi wa majani mapana wako hivyo. Mtoto akilitafuna, tumfute kinywa kwa kitambaa chenye maji, tumpe maji baridi au maziwa kidogo kidogo, tusimtapishe. Akishindwa kumeza au kupumua, ni hospitali bila kuchelewa.

Mnyaa na jamaa zake wenye maziwa meupe huumiza macho vibaya. Anayepogoa avae miwani, na utomvu ukiingia jichoni aoshwe kama tulivyosema kwa chokaa. Hatari kuliko yote ni oleanda, kichaka chenye majani membamba magumu na maua ya waridi au meupe, kinachopandwa uani. Sehemu zake zote zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Penye watoto wadogo, king'olewe, na matawi yake yasitumiwe kuni wala mishikaki.

Halafu kuna maji. Mbu anayeambukiza dengue, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huuma mchana na hutaga katika maji yaliyotuama kwenye vyombo vidogo: kisahani chini ya chungu, chupa yenye tawi la ua mezani, kopo lililoachwa mvuani. Kwa joto letu, yai huweza kuwa mbu katika muda wa siku saba hadi kumi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai hunata kwenye kuta za chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi. Basi kila Jumamosi tumwage na kusugua kwa brashi. Kisahani kikijazwa mchanga, maji hayatuami kabisa.

Mwenye watoto wanaotambaa atauliza, tupande nini? Jibu liko milimani kwetu. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona katika Usambara ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, akatuma mbegu kwa baba yake Ujerumani. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, wakati sisi tunanunua maua ya plastiki. Halina sumu kwa mtoto. Hupenda mwanga wa dirishani bila jua kali, na udongo mwepesi wenye mboji. Humwagiliwa kwa chini: weka chungu ndani ya bakuli la maji kwa nusu saa, kiondoe, mwaga maji yaliyobaki, maana matone baridi hutia majani madoa. Porini limekuwa adimu, hivyo tusiling'oe msituni. Tuombe jani moja kwa mwenye nalo, tulichomeke kikonyo chake katika udongo wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa miche midogo itachomoza pembeni.